Masika ya Kesses Si Masika ya Mvita

Kila lugha huzaliwa chini ya anga yake. Kiswahili kililelewa ufuoni, na si ajabu basi kwamba majira yake yalipewa majina na mabaharia, wavuvi na wakulima wa pwani. Kaskazi ilipovuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi mwezi wa Machi, majahazi yaliteremka kutoka Arabuni na Bara Hindi yakiwa na tende na mazulia. Kusi iliposhika zamu kuanzia Aprili, majahazi yayo hayo yalipata upepo wa kurudia kwao. Baina ya pepo hizo mbili palikuwa na maleleji, kipindi cha upepo usiokuwa na msimamo. Mvua nazo zilikuwa na majina yake: masika, mvua kubwa za Machi hadi Mei, na vuli, mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba. Baridi ya Juni hadi Agosti iliitwa kipupwe, na jua kali la mwanzo wa mwaka likaitwa kiangazi. Mtu wa Mvita au wa Pate alipotamka neno masika, alikuwa ametamka kwa mkupuo mmoja upepo, hali ya bahari, bei ya samaki na kazi ya shamba.

Lugha hiyo imekwea bara. Leo inafundishwa, inatafitiwa na kuandikiwa tasnifu huko Kesses, katika Kaunti ya Uasin Gishu, ambako Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka wa 1984. Kesses imo juu ya uwanda wenye urefu wa zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na imekaribiana mno na mstari wa Ikweta. Hakuna jahazi linaloingojea kaskazi huko. Maji mengi yaonekanayo ni ya bwawa la Kesses. Je, lugha ilipopanda, ilipanda na kalenda yake?

Swali hili huweza kuulizwa katika semina ya isimu na likajibiwa kwa nadharia. Hapa liliulizwa kwa sababu ya baiskeli mbili.

Wenye baiskeli hizo walikuwa wanafunzi wawili wa shahada ya uzamili. Mmoja alikuwa mzawa wa Mombasa, aliyekuwa akiandika tasnifu juu ya msamiati wa pepo na majira katika ushairi wa Kiswahili. Wa pili alikuwa mwenyeji, mtoto wa mkulima wa mahindi, ambaye nyumbani kwao ni mwendo mfupi tu kutoka lango la chuo. Tangu muhula wao wa kwanza waliwekeana ahadi ya kwenda likizo kwa baiskeli: Kesses hadi Eldoret, Eldoret hadi Iten, kisha wateremke ukingo wa Elgeyo kwa njia ya Tambach, wauvuke mto Kerio pale Chebloch na kupanda milima ya Tugen hadi Kabarnet. Kwa gari ni safari ya siku moja. Kwa baiskeli, kwenda na kurudi, walihesabu siku nne. Kilichobaki kilikuwa kuchagua majira, na hapo ndipo ahadi ilipokwama kwa takriban miaka miwili.

Mwana wa pwani alikuwa wa kwanza kutoa rai. Alisema waende Agosti, wakati wa likizo ndefu. Hoja yake ilikuwa nyoofu: masika hukoma Mei au Juni, kipupwe huingia, na kipupwe ni majira ya ubaridi mwanana usiomchosha mtu anayekanyaga baiskeli. Mwenyeji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwonyesha dirishani. Ilikuwa alasiri, na wingu jeusi lilikuwa limekwisha kuufunika upande wa Lessos.

“Ndugu yangu,” alimwambia, “hicho kipupwe chako kina radi.”

Takwimu za mvua zilikuwa upande wa mwenyeji. Uasin Gishu hupata kati ya milimita 900 na 1,200 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho hakipishani sana na kile cha Mombasa. Tofauti imo katika mpangilio. Mombasa mvua hufikia kilele mwezi wa Mei, ikapungua, kisha ikarudi kidogo wakati wa vuli. Kesses mvua huanza Machi na kuendelea hadi Septemba, na vilele vyake ni viwili: Mei na Agosti. Mwezi ambao mtu wa pwani anauita kipupwe ni mwezi ambao mahindi ya Uasin Gishu yanakunywa maji kwa pupa.

Sababu ya tofauti hiyo imo katika mahali pa kutokea unyevu. Mvua za pwani hufuata pepo za Bahari ya Hindi. Nyanda za magharibi mwa Kenya hupokea pia hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria na, katikati ya mwaka, kutoka bonde la Kongo. Asubuhi jua huichoma ardhi. Hewa yenye joto hupanda, hukutana na unyevu unaotoka ziwani, na ifikapo alasiri mawingu hugeuka minara. Ndiyo maana mgeni wa Kesses hudanganyika. Saa tatu asubuhi anga ni buluu tupu, saa nane kunanguruma, na saa tisa mfereji ulio mbele ya bweni umegeuka kijito. Katika upande wa Nandi Hills na Kericho mvua hiyo huja mara nyingi na mawe yake, na majani ya chai hutoboka.

Mwana wa pwani hakukata tamaa. Alisema kwamba kama mvua ni ya alasiri, basi wao watasafiri asubuhi na kupumzika mchana. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, na ndiyo iliyowapeleka kwa fundi wa baiskeli, mzee aliyekuwa na kibanda chake kando ya barabara na ambaye mikono yake haikuwahi kuonekana bila grisi. Mzee alizigeuza baiskeli zote mbili kichwa chini, akazizungusha gurudumu moja baada ya jingine, akagonga raba za breki kwa kidole.

“Mnateremka Tambach na hizi?” aliuliza.

Walimjibu kwamba ndiyo nia yao.

“Breki za kubana rimu zikilowa hazishiki mara moja. Mtabonyeza hapa, zitashika kule mbele. Na kule mbele ni kona. Mkiteremka Agosti barabara ikiwa imelowa, mtateremka kwa dua.”

Mzee hakutia chumvi. Iten iko kwenye urefu wa mita 2,400 hivi, na sakafu ya bonde la Kerio iko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Barabara hujikunja kando ya jabali kana kwamba inaogopa kutazama chini. Katika majira ya mvua ukungu hukaa juu ya ukingo huo hadi jua lipande vizuri, kwa hiyo hata hizo saa za asubuhi, ambazo mwana wa pwani alitaka kuzitumia, ni saa ambazo dereva wa lori hamwoni mwendesha baiskeli. Agosti ikafutwa.

Rai ya pili ilitoka kwa mwenyeji mwenyewe, naye alitaja mwisho wa Oktoba. Kwa mujibu wa kalenda aliyolelewa nayo, mvua huwa imekwisha, vumbi halijaanza, na nyanda zote zimegeuka rangi ya dhahabu kwa mahindi yaliyokauka. Wanandi, alieleza, huugawa mwaka mafungu mawili makubwa: iwotet, majira ya mvua, na kemeut, majira ya kiangazi. Majira hayo yameandikwa hata katika majina ya watu. Kiprop na Cherop ni watoto waliozaliwa mvua ikinyesha. Kipkemei na Chepkemei ni wale waliozaliwa wakati wa ukame. Mwana wa pwani alifungua daftari lake na kuyanakili hayo yote. Alikuwa ametumia mwaka mzima kutafuta ushairi wa majira katika tenzi, na kumbe orodha ya mahudhurio ya darasani ilikuwa imejaa majira.

Lakini Oktoba ilikuwa na mambo yake. La kwanza lilikuwa la shamba. Kuanzia Oktoba hadi Desemba mahindi huvunwa, na nyumbani kwa mwenyeji hapakuwa na mikono mingi. Baba alikuwa amefariki. Palikuwa na mama, wadogo wawili waliokuwa shuleni, na yeye. Karo ya wote watatu ilikuwa imesimama shambani, ikiwa imevaa maganda. Asingeweza kumwambia mama yake kwamba anakwenda kutembea na baiskeli wakati mahindi yanangoja kukatwa, kukobolewa na kuanikwa.

La pili lilikuwa la anga. Kalenda ya wazee ilikuwa imeanza kuyumba. Mwaka wa 2019 joto lisilo la kawaida katika upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi lilileta mvua kubwa za vuli katika Afrika Mashariki, na mwezi wa Novemba maporomoko ya ardhi yakaua makumi ya watu katika Kaunti ya Pokot Magharibi. Mwaka wa 2023 El Nino ilirudia mafuriko katika sehemu nyingi za Kenya. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025 mlima uliporomoka Chesongoch, Marakwet Mashariki, katika ukingo ule ule wa Elgeyo, ukafukia nyumba na watu waliokuwa wamelala. Vuli, neno la pwani ambalo zamani lilionekana halina kazi Kesses, lilikuwa limefika bara kwa miguu yake.

Novemba hiyo mvua haikuheshimu mavuno hata nyumbani kwa mwenyeji. Mahindi yaliyokwisha kukobolewa yalianikwa juu ya maturubai asubuhi, yakakusanywa mbio adhuhuri, yakaanikwa tena kesho yake. Mahindi yasiyokauka sawasawa huota ukungu unaoleta sumukuvu. Hayauziki, na anayeyala huhatarisha ini lake. Mwana wa pwani alikwenda kusaidia. Kwa wiki mbili alijifunza kukimbia na turubai kuliko alivyowahi kukimbia na kitu chochote. Siku ya tatu, wakiwa wamekaa barazani wakiitazama mvua, alimwambia mama wa rafiki yake, kwa nia ya kumliwaza, kwamba hata wao mvua hiyo imewaharibia safari.

Mama alitabasamu. “Mwanangu,” alisema, “mvua ikikosea tarehe, ninyi mnaahirisha safari. Sisi tunaahirisha shule.”

Hakulisema kwa uchungu. Alimwongezea chai kikombeni na kuendelea kupepeta. Hata hivyo, kuanzia siku hiyo suala la majira lilibadilika uso. Hapo awali wawili hao walikuwa wakiitafuta wiki isiyokuwa na mvua, kana kwamba mvua ni adui. Sasa walielewa kwamba jua na mvua vilikuwa na wenyewe, na kwamba msafiri wa starehe hupewa siku zilizobaki baada ya mkulima kuchukua zake.

Wakaipitia kalenda upya kwa jicho hilo. Desemba ilikuwa kavu kwa kawaida, lakini barabara kuu kutoka Nairobi kupitia Cheptiret hadi Eldoret, yenye malori ya kwenda Uganda mwaka mzima, hufurika magari ya watu wanaokwenda nyumbani kwa sikukuu. Kipande hicho cha barabara hakikwepeki kirahisi kwa anayetoka Kesses, na ukingo wake haumtoshi mwenye baiskeli. Machi nayo haikufaa: mwishoni mwa mwezi huo mvua za kwanza huanguka, trekta zote huwa mashambani, na mbegu haimngojei mtu. Pakabaki Januari na Februari.

Januari ina sifa nyingi. Ni katikati ya kemeut. Usiku ni wa baridi, pengine chini ya nyuzi 10, lakini asubuhi ni safi na unaweza kuliona bonde la Kerio hadi ng’ambo. Barabara huwa kavu na breki hushika. Si bure kwamba wanariadha wengi kutoka Ulaya hufika Iten wakati ambapo kwao kumeganda barafu. Aibu zake ni vumbi, upepo mkavu wa mashariki unaomkabili uso kwa uso anayeelekea bondeni, na joto la sakafu ya Kerio ambalo adhuhuri hupita nyuzi 30. Aibu hizo zina dawa: kitambaa cha uso, maji ya kutosha, na kuvuka Chebloch kabla ya saa tano asubuhi.

Kuna jambo moja la Januari ambalo halimo katika takwimu za hewa, na aliyelitaja ni fundi wa baiskeli. Alikumbuka Januari ya mwaka wa 2008. Anga ilikuwa nyeupe, alisema, hakuna hata wingu, na barabara zilikuwa kavu kama kigae. Lakini baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 barabara hizo hizo zilifungwa kwa mawe na magogo, na tarehe mosi Januari kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokuwa wamekimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Mzee alikaa majuma kadhaa bila kufungua kibanda. “Kwa hiyo mkiuliza hali ya hewa,” alisema huku akikaza spoku, “ulizeni na hali ya watu.” Vijana wawili, mmoja wa pwani na mmoja wa bara, ambao mwaka huo walikuwa watoto wadogo, hawakuwa na la kujibu. Walilipa, wakashukuru, wakasukuma baiskeli zao kurudi chuoni wakiwa kimya.

Hatimaye waliafikiana juu ya wiki ya tatu ya Januari, kwa masharti matatu. La kwanza, mahindi yawe yamekauka, yametiwa magunia na karo ya wadogo imelipwa. La pili, wasafiri tangu kupambazuka hadi saa sita mchana, basi. La tatu lilitoka kwa mwana wa pwani, na lilitokana na yale aliyokuwa akiyasoma katika maandishi ya mabaharia. Nahodha mzoefu, alisema, hahesabu siku za safari peke yake. Huhesabu pia siku za kungoja upepo bandarini. Kwa hiyo safari ya siku nne wataipangia siku tano. Siku ya tano haitakuwa na kazi. Itakuwa sadaka kwa maleleji.

Mahindi yalikauka wiki ya pili ya Januari. Yaliyopotea yalikuwa magunia kadhaa. Yaliyobaki yalitosha karo, ingawa hayakubakisha kitu cha kununulia ng’ombe wa pili kama ilivyokuwa imetarajiwa. Vijana waliondoka Jumatatu, kabla jua halijachomoza. Walifika Iten siku hiyo, wakateremka Tambach siku ya pili kwa breki kavu na mikono inayouma, na kupanda milima ya Tugen wakisukuma zaidi ya kukanyaga. Siku ya tatu, wakati wa kurudi, mvua iliwakuta chini ya ukingo. Haikuwa ya kemeut wala ya vuli wala ya masika. Ilikuwa mvua tu. Walikaa kibarazani mwa duka moja la Tambach nusu siku nzima, wakala viazi, wakalala hapo mjini. Siku ya ziada ilipata kazi yake.

Tasnifu ya mwana wa pwani iliongezewa sura moja isiyokuwamo katika pendekezo lake la awali. Inahoji kwamba maneno ya majira hayasafiri peke yake: yakipelekwa penye anga nyingine bila watu wa anga hiyo kuulizwa, hubaki msamiati wa mtihani. Mwanafunzi wa Kesses huweza kuandika insha nzuri ya kipupwe na kupata alama zote ilhali mvua inapiga bati juu ya kichwa chake. Sura hiyo inapendekeza kwamba walimu wa bara wayafundishe majina ya pwani pamoja na ya mahali walipo, na kuyatafutia Kiswahili maelezo yake, badala ya kuyalazimisha kuwa tafsiri ya kile kisichotafsirika. Msimamizi wake ameiandikia maswali mengi pambizoni, na mjadala bado unaendelea.

Ama mama, waliporejea jioni ya siku ya tano wakiwa na vumbi hadi kwenye kope, hakuuliza kama safari ilikuwa njema. Aliliona hilo nyusoni mwao. Aliuliza mvua ya Tambach ilitokea upande gani, ilinyesha kwa muda gani, na kama ardhi ilikuwa imelowa hadi chini au juu juu tu. Alitaka kujua kama angeweza kumwita mwenye trekta mapema.